Msimbazi haufiki siku tano: friza la barafu linanimaliza, naomba ushauri

Mama Ubuyu (mwenye mada)

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa Magomeni, Mtwara mjini. Nisomeni mpaka mwisho, maana nikifupisha nitaacha kitu halafu mtaanza kuniuliza.

Mpaka mwaka jana umeme haukuwa jambo la kukaa kikao hapa kwangu. Naweka msimbazi, yaani 10,000, kwenye luku (mita ya kulipia kabla) mwanzo wa mwezi, ujumbe unakuja na uniti 69 na ushee, mwezi unakatika. Ndani nina taa, tivii, feni mbili, friji dogo na pasi. Basi.

Mwezi wa kumi na moja malipo ya korosho ya mume wangu yakaingia. Nikamwomba tununue friza la mtumba, lile kubwa la kufungulia juu, niuze barafu za ubuyu kwa wanafunzi na chupa za maji yaliyoganda kwa wachuuzi wa samaki wanaotoka Feri. Biashara inatoka, sisemi uongo. Ila umeme sasa! Mwezi wa kwanza na friza uniti ziliisha haraka nikasema sawa, friza ni friza. Mwezi uliofuata zikaisha haraka zaidi. Sasa hivi nikiweka hiyohiyo 10,000 napata uniti 28.1, na ile ya kwanza ya mwezi ndiyo kiama kabisa, napata 23.9. Haifiki siku tano. Kwa mwezi nagusa 65,000 na kitu.

Mume wangu anasema mita inakimbia. Jirani anasema kuna mtu kanichomekea waya. Mimi naona wamepandisha bei kimyakimya. Nani ana akili za umeme humu anisaidie kabla friza halijageuka kabati la nguo?

Msimbati Kwetu

Pole dada. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa hapo Madimba, bomba linapita linakwenda Dar, halafu mtu wa Magomeni analia na luku. Ukisema unaambiwa mchochezi. Naishia hapo.

Mwana Mikindani

@Msimbati Kwetu tusirudi kwenye vurugu za gesi za 2013 mkuu, mwenzio ana friza linamlilia. Bei ya uniti ni moja nchi nzima, inapangwa na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, haijali gesi imetoka shamba la nani. Wacha wenye majibu waje.

Wakala wa Luku

Dada, hakuna aliyepandisha bei. Umehamishwa daraja. Nauza umeme dirishani na watu wanatukana sana kwa jambo hili, kila wiki lazima nipate mmoja.

Ulikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, D1. Huko uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata 122. Ukivuka 75, kila uniti ya juu yake inakuwa 350 kabla ya makato, sawa na 427 mkononi. Huo ndio mwezi wako wa kwanza na friza. Ulipoendelea kuvuka ukapelekwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292, na makato inafika 356 na senti. Huko hakuna cha 75 za bei rahisi, unalipa bei hiyo tangu uniti ya kwanza.

Gawanya 10,000 kwa 356.24, utaiona hiyo 28.1 yako. Ile 23.9 ni kodi ya jengo: 1,500 inakatwa mara moja kwa mwezi, inabaki 8,500. Na hiyo 69 ya zamani ni 8,500 hiyohiyo ukigawanya kwa 122. Mita yako haina kosa lolote hapo.

Mama Ubuyu

@Wakala wa Luku nimekaa chini na kalamu. Kweli imekuja vilevile. Kwa hiyo friza halikuongeza uniti tu, limepandisha bei hata ya taa zangu?

Wakala wa Luku

Ndiyo hivyo. Feni yako ileile ya mwaka jana leo inakula mara tatu ya hela ya zamani bila kuongeza hata mzunguko mmoja.

Kachala wa Newala

Uza friza, rudi chini ya 75, omba urudishwe D1. Watu tunapenda kujitesa.

Fundi wa Chuno

@Kachala punguza haraka. Kwanza tujue nani anakula ndani ya nyumba.

Mama, fanya hivi kesho usiku. Kwenye mita kuna taa nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pana namba ndogo, kwenye mita nyingi ni 1000. Maana yake taa ikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda. Zima kila kitu, chomoa na friza, halafu simama mbele ya mita dakika tano. Ikipepesa na hali umezima kila kitu, basi umeme unavuja kwenye waya au kuna mtu amejiunga baada ya mita, niite mimi au fundi yeyote mwenye leseni. Isipopepesa, washa friza peke yake, uhesabu inapepesa mara ngapi kwa dakika, na uangalie kama kuna muda inanyamaza. (Wenye mita juu ya nguzo, andikeni uniti zilizobaki wakati wa kulala na wakati wa kuamka, inatosha.)

Mama Ubuyu

Nimerudi. Watoto walidhani nimechanganyikiwa, nimesimama gizani naitazama mita.

Nimezima vyote: kimya. Dakika tano hata mara moja. Kwa hiyo jirani wa waya nimwombe radhi moyoni. Nimewasha friza peke yake: mara tatu kwa dakika. Nimekaa nalo tangu magharibi mpaka baada ya isha, halijanyamaza hata kidogo.

Fundi wa Chuno

Mwizi ndiye huyo. Mara tatu kwa dakika ni mara 180 kwa saa, yaani wati 180. Hiyo siyo mbaya kwa friza la ukubwa huo. Ubaya ni kwamba halipumziki. Saa 24 linameza uniti 4.3, shilingi 1,500 na zaidi kila siku ya Mungu. Friza lisilo bovu linafanya kazi, likishapoa kompresa inazima, linapumzika, linaanza tena. Lako linakimbiza joto ambalo haliishi kuingia.

Nijibu matatu. Limewekwa wapi? Barafu iliyoganda kwenye kuta zake ina unene gani? Na chukua noti, ibane kwenye mfuniko nusu ndani nusu nje, funga, halafu ivute. Inatoka kwa kung'ang'ania au inateleza?

Mama Ubuyu

Liko barazani ili wateja walione, mgongo umegusa ukuta, na jua la alasiri linalipiga. Kuta zake zina barafu ya kiganja kizima, nilidhani ndiyo uzuri wa friza. Noti ya msimbazi imeteleza pembe mbili za nyuma kama imepakwa mafuta. Kumbe hata huko misimbazi yangu inapita tu.

Fundi wa Chuno

Basi umejibu mwenyewe. Mpira wa mfuniko umekufa, ubadilishwe. Liingie ndani au liwekewe kivuli cha kweli, siyo pazia la khanga, na nyuma liachwe nafasi ya kupitisha ngumi mbili joto litoke. Barafu ya kuta iyeyushe yote. Usiichokoe kwa kisu, nimezika mafriza mengi yaliyotobolewa bomba kwa kisu cha jikoni. Chomoa, acha wazi, weka beseni la maji ya moto ndani, subiri. Na huku kwetu umeme unavyokatika, usilifungue fungue ukiwa umekatika. Friza lililojaa linashika baridi muda mrefu kuliko tupu.

Bi Mkubwa wa Lindi

Mwanangu salama? Mimi nimeuza barafu Lindi tangu mafriza yanahesabika mtaa mzima. Nakuuliza: maji unayatoa wapi ukiyatia frizani? Kama ni ya ndoo iliyoshinda juani au ubuyu uliotoka kuchemka, unalibebesha friza mzigo wa bure. Mimi ubuyu nachemsha asubuhi, unapoa, jioni nauhamishia kwenye mtungi. Mtungi wa udongo hauna luku. Nafunga vifuko usiku, vinaingia frizani vikiwa tayari baridi. Na napanga kwa foleni: vya jana juu, vya leo chini, mteja akija mkono unaingia na kutoka, siyo mfuniko wazi huku tunapiga soga za harusi.

La pili, usinichukie. Hela ya umeme inatoka mfuko upi?

Mama Ubuyu

Shikamoo Bi Mkubwa. Sijakuelewa hapo kwenye mfuko.

Bi Mkubwa wa Lindi

Marahaba. Hela ya barafu unaiweka wapi, na hela ya luku unaitoa wapi?

Mama Ubuyu

Ya barafu napeleka kikoba. Luku... tunatoa kwenye hela ya matumizi anayoacha baba watoto.

Bi Mkubwa wa Lindi

Ndiyo maana anasema mita inakimbia. Kwake yeye inakimbia kweli.

Kachala wa Newala

Hapa nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mama Ubuyu, mzee wa watu anakudhamini biashara bila kujua. Kwa siku unauza kiasi gani?

Mama Ubuyu

Siku nzuri ubuyu 50 kwa 100 na chupa kumi kwa 300. Elfu nane. Sukari, ubuyu na vifuko vinakula kama elfu mbili na nusu.

Hesabu za Likombe

Kwa hiyo inabaki 5,500, na friza likiwa bovu hivyo linakula 1,500. Bado una elfu nne. Friza haliuzwi, linatibiwa, na umeme wake unaandikwa kwenye daftari pamoja na sukari.

Sasa kuna mtu atakwambia uvute mita ya pili, nyumba irudi D1 na friza libaki T1. Tupige. Nyumba yako peke yake inatumia uniti sitini na kitu. Hata tukisema 75 kamili, tofauti ya 356.24 na 122 ni 234.24, mara 75 ni 17,568 kwa mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini bila kuhitaji nguzo ni 320,960. Utazirudisha baada ya mwaka mmoja na nusu, kama watakubali mita mbili kwenye nyumba moja, na kama mwenye nyumba naye atakubali. Ukifungua fremu barabarani, hapo sawa, fremu lazima iwe na mita yake. Kwa friza la barazani mimi ningesubiri.

Mwana Mikindani

Nyumba ni yako au umepanga? Nauliza kwa sababu ya ile 1,500.

Mama Ubuyu

Nimepanga, ila mita ni ya kwangu peke yangu.

Mwana Mikindani

Basi kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo. Elfu kumi na nane kwa mwaka. Tunza ujumbe wa luku, siku ya kulipa pango mwoneshe akukatie.

Baba Mwenye Nyumba

Tunasoma na sisi humu. Mpangaji akinijia kwa adabu na ujumbe wake namkatia. Anayenijia na maneno ya mtandaoni simkatii. Ni hayo tu.

Mdogo wa Nachingwea

Dada na pasi? Mimi nilikuwa napasi nguo moja moja kila asubuhi, nimehamia Jumapili nguo zote mara moja, naona nafuu.

Fundi wa Chuno

Nafuu ipo ila ndogo. Pasi ya wati 1000 saa nzima ni uniti moja, na nani anapasi saa nzima kila siku. Ogopa kinachokaa kimewashwa, na birika la umeme lenye wati elfu mbili ukilizoea kwa kila kikombe.

Mama Ubuyu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na ushee, samahani kwa ukimya.

Mpira umebadilishwa, fundi na mpira vimenitoka 30,000. Friza limeingia ukumbini, nimeweka kibao cha mbao nje "Barafu ipo" na wateja wamezoea kubisha hodi. Siku ya kuyeyusha nilitoa mabeseni manne ya barafu, na katikati nimekuta samaki aina ya changu ambaye hakuna anayemkumbuka nyumba nzima. Mtungi nimeazima kwa mama mkwe.

Juzi usiku nikasimama tena kwenye mita. Taa inapepesa, inapepesa, halafu nikasikia friza likashusha pumzi, mita ikanyamaza. Nikahesabu karibu dakika ishirini za kimya. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukimya huo tangu mwezi wa kumi na moja.

Msimbazi sasa unafika siku ya sita. Siyo muujiza, kwa mwezi nitakuwa kwenye 49,000 hivi pamoja na kodi ya jengo. D1 nimeiaga kwa sasa. Daftari nimefungua: friza linalipa 900 kila siku linaingia kwenye kopo la maziwa, linakwenda luku. Kikoba nimepunguza hisa moja. Baba watoto nimemwonesha daftari, akalisoma kimya, akauliza kwa hiyo zile za miezi minne nyuma anadai wapi. Sijamjibu mpaka sasa.

Kachala wa Newala

Mlipe kwa yule changu.

Mchuuzi wa Feri

Mama Ubuyu, hiyo chupa ya 300 ni ya lita moja na nusu? Uko Magomeni upande gani? Kesho alfajiri nina ndoo mbili za vibua za kupeleka Naliendele, niwekee sita.