Kusoma faili ndani ya diski ya mashine pepe kwa Python bila kuiwasha

mdau_seva
Wakuu habari zenu, nina diski kama 40 za qcow2 (faili za diski za mashine pepe) nataka kujua kila moja /etc/fstab yake (orodha ya diski za kupandishwa mfumo ukiwaka) imekaaje, kuwasha mashine moja moja sitoboi. Nimeweka libguestfs (maktaba ya kufungulia diski za mashine pepe) na moduli yake ya Python ila g.launch(), ile ya kuiwasha, inagoma kabisa kwenye Ubuntu yangu, nakosea wapi?

kerneli_pwani
Mkuu hapo shida ni kerneli (kiini cha Linux). libguestfs haiisomi diski yenyewe, inawasha kimashine kidogo cha Linux kwa qemu (programu ya kuendesha mashine pepe) ndo kinakusomea, sasa kwenye Ubuntu faili za kerneli, /boot/vmlinuz, zinasomwa na root (msimamizi mkuu) tu, we mtumiaji wa kawaida lazima ukwame. Piga sudo chmod 0644 /boot/vmlinuz* ujaribu tena. Ikikataa endesha libguestfs-test-tool utuwekee majibu hapa.

binti_seva
Tafadhali sana usisahau readonly=1 (kusoma tu) kwenye add_drive_opts, pale unapoongeza diski! Mashine ikiwa inawaka halafu na wewe unaandika kwenye diski yake, data zinaharibika, mimi nilishapoteza databesi ya wiki nzima hivyohivyo na iliniuma mno. Halafu inspect_os() ikishakupa mzizi (sehemu ya diski yenye mfumo endeshi), chukua inspect_get_mountpoints (njia za kupandishia kila sehemu), zipange kwa urefu wa njia ili / itangulie kabla ya /boot, unapandisha kwa mount_ro, ndo unaita g.cat("/etc/fstab").

mdau_seva
Chmod imekubali!! Diski 3 zishasomeka, asanteni sana, naendelea na zilobaki.