Kwaya ya vijana imealikwa Italia: tuzipange vipi hati za watoto na fedha za wazazi?

Mlezi wa Kwaya, Malindi
Wanajamvi, hamjambo. Nalea kwaya ya vijana ya parokia moja hapa Malindi. Waitaliano ambao wamekuwa wakija mjini kwetu kwa miaka mingi wametualika tukaimbe katika makanisa ya kwao mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kisha tuvuke kwenda Austria kwa siku mbili. Waimbaji wengi hawajafika miaka 18, na wachache wamemaliza kidato cha nne lakini bado wako nyumbani. Wenyeji watagharamia malazi na usafiri wa huko, ila nauli ya ndege ni juu ya wazazi, na miongoni mwao wamo wavuvi na wauza mboga ambao wameshaanza kuchanga. Nina hofu mbili. Yuko msichana wa sauti ya kwanza ambaye baba yake aliondoka zamani na hajulikani aliko. Je, idhini ya mama peke yake itatosha? Na iwapo baadhi yetu tutanyimwa viza, michango ya wazazi itakuwaje?

Wakili wa Pwani
Mwalimu, anza na huyo msichana kabla ya jambo lolote jingine. Mtoto anayesafiri bila wazazi hutakiwa idhini ya wenye mamlaka ya mzazi juu yake, na barua tupu ya mama itazua maswali kuliko itakavyoyajibu. Mama aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, aeleze tangu lini amemlea mwanawe peke yake, na aambatishe cheti cha kuzaliwa. Chenye nguvu zaidi ni amri ya mahakama inayompa malezi, na mahakama ziko hapo hapo Malindi. Faili mahakamani halina haraka, kwa hivyo asingoje tarehe ya safari ithibitishwe.

Mratibu wa Ziara
Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, nayo ni Italia. Viza hiyo hiyo ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, itawavusha hadi Austria. Dirisha hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa zikibaki siku 15, lakini kundi linalosubiri siku hizo 15 limejitakia. Waliotimiza miaka 12 hutoa alama za vidole wenyewe, kwa hivyo wekeni akiba ya nauli ya kuwafikisha watoto na walezi kwenye kituo cha maombi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Jambo ambalo wengi hawaliulizi: ada ya mtu mzima ni euro 90, lakini kanuni za Schengen huwasamehe wawakilishi wa mashirika yasiyo ya faida wenye umri usiozidi miaka 25, iwapo shughuli ya utamaduni wanayoiendea imeandaliwa na shirika la aina hiyo. Waombeni wenyeji waandike mwaliko kwa jina la parokia au chama chao, si la mtu binafsi.

Kuhusu fedha, msinunue tiketi kabla ya viza. Shikeni nafasi tu. Michango ikae katika akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na wazazi waelezwe kwa maandishi ni kiasi gani kitarudishwa na kipi hakirudi. Mimi ningewahofia zaidi hao waliomaliza shule kuliko watoto, kwa sababu mwanafunzi ana barua ya shule inayomngoja baada ya likizo, lakini kijana asiye na kazi wala chuo ana nini cha kuonyesha kwamba atarudi? Mwenye barua ya kujiunga na chuo aitoe.

Mwimba Teno Mstaafu
Pangeni nyimbo mkijua kwamba huenda msifike wote: kila anayeongoza wimbo awe na wa kumshikia nafasi, na wimbo unaotegemea besi mmoja uachwe nyumbani. Makanisa ya mawe yana mwangwi mrefu, kwa hivyo punguzeni kasi na mtamke mwisho wa kila neno, la sivyo maneno yatalaliana. Kayamba zisiingie kwenye mizigo ya chini ya ndege. Matete huvunjika na punje zake zikamwagika sandukuni. Zifungeni kwa leso, mzibebe mkononi.

Mlezi wa Kwaya, Malindi
Ahsanteni sana. Mama wa yule msichana ameshakubali kwenda kuapa wiki hii. Wenyeji wanataka kuwagawa watoto katika nyumba za familia. Je, nikubali au niombe hosteli?

Mama wa Mwimbaji
Mwalimu, mimi binti yangu alishasafiri hivyo. Kubali nyumba za familia kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayelala nyumba moja na wageni bila mwenzake, na wasichana wawe na mlezi wa kike atakayewapigia simu kila usiku. Majina na anwani za familia hizo yafike kwa wazazi kabla ya kuondoka, na wenye pumu au wasiokula kitu fulani waandikwe. Wakikataa kutoa anwani, ombeni hosteli.