Kutafsiri "as happy as a sandboy": huyo mwenye furaha ni nani?

Mfasiri Mwanafunzi: Ndugu wasomaji, ninatafsiri hadithi ya London ya miaka ya 1830, ambamo fundi viatu anasemwa kuwa "as happy as a sandboy", yaani mwenye furaha kama "sandboy". Nimeandika "mwenye bashasha", lakini bashasha naiona ni ya mtu anayempokea mgeni mlangoni, ilhali fundi huyu yuko peke yake, anashona na kupiga mbinja. Je, huyo "sandboy", kwa neno kwa neno mtoto wa mchanga, ni nani? Na je, naweza kuweka mahali pake msemo "happy as Larry" (mwenye furaha kama Larry), unaofahamika zaidi?

Mzee wa Kamusi: Kwanza, usimwite mtoto. Kibarua wa umri wowote aliitwa "boy", kama ambavyo wakoloni huku kwetu walivyomwita "boi" mpishi mwenye wajukuu. Hawa walikuwa wachuuzi wa mchanga, ambao ulitandazwa kwenye sakafu za vilabu vya pombe ili unyonye bia iliyomwagika, na husemwa kwamba wao wenyewe hawakuwa nyuma katika kunywa. Charles Dickens, katika riwaya yake ya The Old Curiosity Shop iliyotoka mwaka 1840 na 1841, ana nyumba ya wageni yenye jina lao, na kibao chake kinawaonyesha watatu wakijiongezea uchangamfu kwa magudulia ya bia. Kwa hiyo furaha hii ina harufu ya kilabu, na bashasha ni neno safi mno kwake.

Msomaji wa Pwani: Larry mwache. Msemo huo unaonekana Australia na New Zealand katika nusu ya pili ya karne ya 19, na wapo wanaomhusisha na bondia Larry Foley, ingawa ushahidi ni haba. Fundi wako wa 1830 asingeujua. Jihadhari pia na msemo "tickety-boo" wa karne ya 20, kwani huo hausemi habari za moyo hata kidogo, bali kwamba mambo ni shwari.

Mfasiri Mwanafunzi: Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimeandika hivi: "Alishona huku akipiga mbinja, roho yake kwatu kama mchuuzi wa mchanga aliyekwisha kupitia kilabuni."

Mzee wa Kamusi: Hapo sawa, ila "aliyekwisha kupitia" ni kirefu. Andika "atokaye kilabuni".