Milima ya mashariki ya Marekani ni vichuguu tu?

Mleta mada (Boston): Wakuu, poleni na baridi. Jamaa yangu aliyehamia Denver, Colorado, kule magharibi, kanicheka juzi, eti milima yetu ya Appalachia huku mashariki ni vichuguu, mtu wa skii (kuteleza kwenye theluji) asipoteze nauli. Kwa urefu kutoka usawa wa bahari sibishi. Mlima Mitchell wa North Carolina, mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, una mita 2,037. Mlima Elbert wa Colorado unafika kama 4,400. Ila nani anateleza mpaka baharini? Unateleza kutoka lifti ya mlimani inapokushusha hadi ilipokupakia. Whiteface ya New York, palipofanyika skii ya kuteremka kwenye Olimpiki ya 1980, inakupa kama mita 965 za kushuka. Breckenridge ya Colorado, pamoja na lifti yake inayofika mita 3,900, inakupa kama 990. Kichuguu kiko wapi hapo?

Wa Denver: Breckenridge umeichagua kwa ujanja. Mbona Jackson Hole ya Wyoming, yenye mita zaidi ya 1,260, umeiruka? Halafu theluji umeikwepa kabisa. Alta, Utah, kwa msimu wa kawaida hupata zaidi ya mita 12, tena kavu, ukiipuliza kiganjani inapeperuka kama unga. Huko kwenu mashine zinakesha zikitengeneza theluji, mchana mvua inanyesha, usiku yote inakuwa barafu.

Mleta mada: Barafu nakiri. Januari huku mashariki, Vermont, skii zilikuwa zinalia kama kisu kwenye sahani, na kipande kizima nilishuka kwa makalio mpaka kwenye wavu. Lakini hiyo ndiyo shule yenyewe. Bingwa wa skii Mikaela Shiffrin kazaliwa Vail, Colorado, kwenu huko huko, na skii akaenda kuisomea Vermont. Hilo mnalielezaje?

Mama wa Machame (Minneapolis): Nyie bishaneni, sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro, mita 5,895, Marekani nzima anayetuzidi ni mlima Denali wa Alaska peke yake. Ila nimpe wa Boston haki yake: Mlima Washington wa New Hampshire, huko kwao mashariki, una mita 1,917 tu, na mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kuhusu Breckenridge, tulipofika na watoto, paketi za krispi zilikuwa zimevimba kama maputo. Mdogo akatapika usiku kucha, na mimi kufunga buti tu nilihema kama nimebeba gunia. Hewa ya juu ni nyembamba, kwa hiyo hizo mita 2,900 za pale chini kwenye lifti nazo zihesabiwe.

Wa Denver: Mama, ungelala Denver siku mbili kwanza, mwili uzoee. Mleta mada, njoo Februari, kitanda kipo.

Mleta mada: Na kukodi skii nani analipa?

Wa Denver: Mwenye kichuguu.