Acheni kupeleka logo ya WhatsApp kwa mpiga chapa, halafu mlalamike bango limetoka vibaya

Wakuu, hili limepita kiasi. Kampuni inamlipa mbunifu, inakabidhiwa nembo safi pamoja na mwongozo wake, halafu siku ya kuchapa bango mtu wa masoko anachukua picha ya nembo kwenye grupu na kuituma hivyohivyo. Picha ya pikseli 400 kwa upana! Ukiitandaza kwenye bango la mita 2, kila inchi inaambulia nukta 5 tu. Kipeperushi cha kushika mkononi kinataka 300. Mlitegemea nini kama si ukungu?

Halafu JPEG, aina ya faili la picha kama hiyo ya WhatsApp, haiwezi kuwa na usuli usioonekana, ndiyo maana nembo inakaa ndani ya kisanduku cheupe. Pelekeni vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora: SVG, EPS au PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea. Kubandika JPEG ndani ya PDF hakubadilishi kitu.

Rangi ndiyo balaa lenyewe. Bluu kali ya skrini ni mwanga, RGB (nyekundu, kijani, bluu). Mashine inachapa kwa wino, CMYK (sayani, magenta, njano, nyeusi), na wino haufikii ukali ule. Ukiiachia programu igeuze yenyewe, bluu mara nyingi inaangukia zambarau, kwa sababu magenta inakuwa nyingi mno ikilinganishwa na sayani. Mwongozo uandike namba zote: HEX, yaani namba ya rangi ya tovuti, na CMYK na Pantone (wino uliochanganywa tayari wenye namba yake) za kuchapia. Pantone nayo ina C ya karatasi iliyopakwa na U ya isiyopakwa. Wino uleule hufifia kwenye U kwa kuwa karatasi inaunyonya. Kwa hiyo msiidhinishe rangi kwa kutazama simu. Dai sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile ya kazi.

Fonti: kompyuta isipokuwa nayo, programu inaweza kuweka nyingine kimyakimya na mistari ikahama. Geuzeni maandishi yawe michoro kabla ya kutuma, mbaki na nakala ya kuhariri. Na nembo hukuzwa kwa kuvuta kona, si ubavu!

Kinachokera kupita yote, mwongozo upo, ila umelala kwenye kompyuta ya mtu aliyeshaacha kazi. Wekeni folda moja tu: nembo ya rangi, ya nyeusi na ya nyeupe. Matoleo ya zamani yaondolewe humo. Mtu mmoja aidhinishe kila kitu, na awe na mamlaka ya kumkatalia hata bosi anayetaka "tuongeze kivuli kidogo ipendeze".

Na nyie wapiga chapa, mkiletewa picha ya WhatsApp, irudisheni kabla hamjawasha mashine.