Mjadala: Deki za mtumba zizuiwe kuingia Unguja na Pemba?

MTOA HOJA, Mlandege:
Assalaam aleykum. Kila jioni barazani hoja ni ile ile: vyombo vya umeme vilivyotumika vipigwe marufuku bandarini, jaa la Kibele limeshaelemewa. Mie sikubaliani. Naanza na deki ya DVD, kwa sababu ndiyo anayoinunua mtu asiyekuwa na hela ya bando la kutizamia filamu.

Deki mpya ya bei rahisi, boksini imeandikwa 1080, yaani mistari ya picha, kwa tarakimu kubwa. Maneno ya biashara hayo! DVD ya PAL, mfumo wa video wa kwetu, ina mistari 576 tu. Deki inaikuza picha, haitii kitu ambacho hakikurikodiwa. Msilipie maandishi, lipieni jicho, yaani ile lenzi ya leza inayosoma diski.

Na jicho halipimwi kwa diski moja. DVD husomwa kwa mwanga wenye wimbi la nanomita 650, sidii kwa 780. Ndiyo maana ipo deki inayopiga sidii ya kaswida safi kabisa, ukitia DVD inakwambia hakuna diski. Nendeni dukani na zote mbili. Ya DVD iwe ya tabaka moja, iliyojaa, halafu rukeni moja kwa moja mpaka mwisho wa filamu, maana diski hiyo husomwa kutoka kati kwenda ukingoni, na deki iliyochoka mara nyingi hukwama huko nje. Muuzaji akikataa, muachieni deki yake. Mpya au mtumba, mtihani ni huo huo.

MUUZAJI, Darajani:
Husemi habari ya kanda, yaani namba ya eneo la dunia ambayo diski na deki hufungiwa. DVD za Uingereza ni kanda ya 2, sisi Afrika Mashariki tumepangiwa ya 5. Mteja ananunua mtumba, diski inakataa, anakuja kunitukania mimi.

MTOA HOJA:
Na Dubai mnakochukua mpya ni kanda ngapi, shehe? Ya 2 hiyo hiyo. Diski za harusi na maulidi tunazorikodiana hazina kanda kabisa. Tena deki nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza tarakimu za rimoti. Kwa hiyo mtumba usio na rimoti yake, hapo nakubali, ni hasara.

FUNDI, Chake Chake:
Nyote mmeruka la hatari. Deki iliyotengenezewa soko la Japani huwa ya volti 100, umeme wetu 230. Mtu anachomeka tu, pu! Moshi. Someni kibandiko cha nyuma: kikisema 100–240 hamna neno, kikisema 100 peke yake mtahitaji transfoma, na bei yake yaweza kuipita deki. Hizo mimi nazizuia bila huruma. Za Uingereza ziacheni, na plagi zao ni pini tatu kama zetu. Kutu ya hewa ya bahari kwenye reli ya jicho haichagui mpya wala kuukuu.

MAMA, Wete:
Nyinyi wa mjini mnajaribu dukani mkarudi nyumbani kwa daladala. Mie nikinunua Darajani, ikafa baada ya wiki mbili, nauli ya boti kwenda na kurudi itaimeza hiyo deki. Mtihani wenu wa dukani unanifaa nini?

MTOA HOJA:
Dada yangu, marufuku nayo haikufai. Itakubakisha na mpya za rahisi tu, na zikifa zinakwenda jaa lile lile. Mie nataka masharti. Za volti 100 zisishushwe. Kila deki iwashwe mbele ya mnunuzi, kwa sidii na DVD. Risiti iandikwe modeli na namba ya muuzaji. Na anayeuzia watu wa Pemba awe na fundi wake Pemba wa kupokea mbovu, gharama juu yake.

FUNDI, Chake Chake:
La volti naliunga mkono moja kwa moja. Hilo la mwisho muulizeni wa Darajani. Naona kanyamaza.