MREJESHO: FTP inaingia ila listi ya mafaili haiji

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, nilikuwa naingia seva ya Linux kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kwenda na kutoka seva), paswedi inakubali freshi, ila nikitaka kuona mafaili inaganda weee mpaka inakata.

Mkuu uliyesema nikaangalie jibu la 227 kwenye logi (pale seva inapotaja IP na poti ya kupitishia listi) ubarikiwe sana, maana nimekuta seva inatoa IP ya ndani, ile ya kuanza na 10, sasa mtu wa nje ataifikiaje? FileZilla, programu ninayoingilia FTP, yenyewe ilijiongeza ikatumia IP ya nje lakini wapi, fayawoli ilikuwa imeachia poti 21 peke yake na hiyo ni ya amri tu, listi inapita kwenye koneksheni ya pili yenye poti yake.

Kwenye vsftpd.conf, faili la mipangilio ya programu ya FTP ya seva, tumeweka pasv_address iwe IP ya nje, pasv_min_port 40000, pasv_max_port 40100 (yaani koneksheni ya pili itumie poti za kati ya hizo), tukafungua poti hizohizo kwenye fayawoli na kuriistati. Listi inashuka chap.

Kulikuwa na kimeo kingine, .htaccess (faili la mipangilio ya tovuti) ilikuwa haionekani kwenye listi kwa kuwa jina linaanza na nukta, hiyo ni kuweka force_dot_files=YES tu humohumo kwenye vsftpd.conf. Waliosema nirudi active mode, ile seva ndiyo inayofungua koneksheni ya pili kuja kwenye kompyuta yako, hapana aisee, nyuma ya ruta ya nyumbani ni kujitafutia presha.